Mwanachama Namba 214

Ombeni alijaribu funguo saba
kabla ya kugundua kufuli halikuwa limefungwa.
Ghala la chama, Uru, mwezi wa nne,
mvua inapiga bati kama mtu anayedai deni.

Nimetumwa na chuo na swali moja:
chama hiki cha kahawa kilikufaje?
Msimamizi wangu anataka majedwali.
Mwaka, tani, hasara,
na mstari mwekundu unaoshuka.

Nikaketi juu ya gunia tupu, nikafungua leja ya 1953.
Mchwa walikuwa wamenitangulia kuisoma.
Walikula Januari yote,
wakawaachia wageni Februari.

Mwandiko ni wa karani Eliaringa:
herufi zimesimama wima kama watoto wa kipaimara,
kila saba ina mkanda kiunoni.
Namba, jina, ratili, senti.
Namba, jina, ratili, senti.
Kufikia siku ya tatu nilikuwa nawajua:
wa 87, aliyeleta kahawa yenye unyevu akagombana na mizani;
wa 130, aliyekopa mrututu akataka kulipa kwa ndizi;
wa 214, Ngilisho Kiwia,
ratili arobaini kila Jumanne ya msimu,
hakosi, hajisifu.

Siku ya nne, daftari la rambirambi.
Chama kilitoa shilingi ishirini za mbao za jeneza.
Agosti 1955: shilingi ishirini, Ngilisho Kiwia.
Nikarudi kwenye leja.
Jumanne iliyofuata:
214. Ratili arobaini na mbili.

Nilihesabu kwa kalamu, kisha kwa kidole.
Miaka kumi na moja marehemu yule alileta kahawa.
Aliipiga mrututu, akaichuma, akaimenya,
akaianika, akaianua mawingu yaliposhuka kutoka mlimani,
akaibeba kwenye utelezi hadi hapa nilipoketi.
Alipokea malipo ya pili, akabandika dole gumba.
Na dole gumba lile, nililisogeza dirishani,
lilikuwa dogo.
Lilikuwa na kovu ambalo mwaka 1954 halikuwapo.

Mwaka 1958 mkaguzi alipanda kutoka Moshi mjini.
Wino wa zambarau, hasira ya zambarau:
*Namba 214 amefariki. Marehemu anauzaje kahawa?*
Chini yake Eliaringa, wima, bila haraka:
*Kanuni ya nne haimwandikishi mwanamke.
Mizani haijaisoma kanuni ya nne.
Imepimwa. Imelipwa.*
Mkaguzi hakuongeza neno.
Ameacha duara la kikombe cha chai.

Jina lake nimelitafuta.
Mihtasari ya mikutano inamtaja mara moja,
kati ya ukarabati wa choo na bei ya magunia:
*mjane wa 214 anaomba pampu. Imeahirishwa.*
Imeahirishwa hadi leo, nadhani,
maana kurasa zinazofuata zimegandana kwa maji
na nilipozivuta zilitoka kama ngozi ya maziwa.

"Kwa Kiwia?" Ombeni akasema, akifunga dirisha.
"Pale juu ya mfereji. Kahawa waling'oa.
Siku hizi ni maparachichi."
Nilipanda. Nikamkuta mjukuu wa jirani akifua.
Jina halisi halijui, hata kaburi halina maandishi.
"Sisi tulimsikia akiitwa Mama Jumanne tu.
Wala hakuwa na mtoto anaitwa Jumanne.
Hatukuwahi kuuliza."

Nimeandika sura ya tatu.
Katika safu ya wanachama hai, 1955 hadi 1966,
namba 214 nimeihesabu.
Maelezo ya chini ya jedwali
yamekuwa marefu kuliko jedwali.

Msimamizi ameirudisha jana.
Ukurasa wa arobaini na mbili, pembeni, kalamu nyekundu:
*Huyu alifariki. Marehemu anauzaje kahawa?*

Bado sijamjibu.
Nimeanika karatasi dirishani, zimelowa njiani.
Leo ni Jumanne.